Habu ya Sita

Jeepney, gari la abiria, ilikuwa inaelekea Jaro. Nang Perla alikaa katikati ya wagomvi wawili, trei ya mayai mapajani. Kulia kwake alikuwa Nong Cleto, mwenye duka la michezo ya kompyuta. Kushoto alikuwa Maricel, fundi aliyelikagua duka hilo jana.

“Habu tano za kuunganishia kompyuta nimeunga, mpaka chumba cha nyuma, na zote zinawaka taa,” alisema Nong Cleto. “Mbona michezo inakwama, wateja wananihama?”

“Taa zitawaka tu, Nong. Habu ni mbea: ikiambiwa neno na mmoja, inawatangazia wote. Kompyuta mbili zikisema kwa pamoja, maneno yanagongana, zinaanza upya. Ukiunga habu nyingi, kompyuta ya mbele inaanza kusema kabla sauti ya ile ya nyuma haijaifikia. Weka swichi ya mtandao katikati. Yenyewe inampelekea anayetumiwa ujumbe peke yake.”

“Swichi, swichi! Kwani una kiwanda chake? Naongeza habu ya sita, izipe nguvu.”

Nang Perla hakuzijua habu, ila wambea aliwajua. Sita walikuwa wengi mno.

“Lugar lang!” Nong Cleto alipaza sauti ili ashushwe.

“Chenji yangu!” Nang Perla naye alipaza, papo hapo.

“Mnasemaje?” aliuliza dereva.

Wote wawili walinyamaza, kila mmoja akimpisha mwenzake, kisha wakapaza tena kwa pamoja. Ikawa hivyo mara tatu. Jeepney iliposimama, duka la Nong Cleto lilikuwa limeachwa mbali nyuma.



“Wangefunga spika humu,” Nong Cleto alifoka akishuka, “sauti zipate nguvu!”