Koki ya Mke wa Breki

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa Kinyozi, mkabala na meza yangu ya kushonea viatu. Hapo hunywewa kahawa, na hakuna jambo linalokosa mtaalamu. Wiki hizi habari ni moja tu: koki ya bafuni kwa Breki. Breki ni dereva wa lori mstaafu. Mkewe alipatwa na kiharusi, upande wote wa kulia ukapooza. Binti yao ndiye anayemwogesha, na mama wa watu hulia kila akiogeshwa. Alimwomba mumewe kitu kimoja: "Nitafutie koki nitakayoweza kuifungua mwenyewe. Sitaki kuoshwa na mtoto niliyemwosha mimi." Tangu hapo Breki hununua koki asubuhi, hutuletea tuikague, sisi tunaitia kasoro, naye anarudi dukani kuibadilisha. Mwenye duka siku hizi akimwona kwa mbali anajifanya anahesabu misumari.

Siku hiyo alikuja na nyingine. Akaitoa kwenye boksi taratibu, kama mtu anayefungua bandeji, akaiweka katikati ya vikombe.

— Hii stenlesi, haishiki kutu, ndani na nje. Halafu ina mpini mrefu, si ile ya kuzungusha.

— Subiri kwanza, akasema Waya, fundi umeme wetu, akichomoa mfukoni sumaku ya spika mbovu. — Sumaku isiposhika, ndiyo stenlesi yenyewe.

Kwenye shingo haikushika. Kwenye mpini ikang'ang'ania.

— Unaona? Shingo stenlesi, mpini bati. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, mzee.

— Sumaku si hakimu, akasema Kinyozi. — Mkasi wangu ni stenlesi na sumaku inaushika. Chuma hujulikana kwa ulimi.

Akaichukua koki, akailamba.

— Shaba hii. Imepakwa ngozi ya juu tu. Mwakani itamenyeka kama ndizi.

— Umelamba koki ya mtu?

— Mchumia juani hulia kivulini.

— Hiyo inahusiana nini na ulimi wako?

— Utakuja kuelewa ukikua.

Waya akaigeuza, akachungulia chini.

— Na uzi wake wa kukazia kwenye bomba mfupi. Itavuja hii.

— Ivuje tu, haba na haba hujaza kibaba.

— Kinyozi, nyoa watu! Methali waachie wenyewe.

Breki alikuwa akimtazama kila anayesema, mdomo umefunguka kidogo. Hivyo ndivyo watu wanavyomsikiliza daktari.

— Kwa hiyo niirudishe?

— Irudishe, tena haraka, akasema Kinyozi akijisogeza kwenye benchi. — Hizi koki za siku hizi zinayeyushwa kutoka kwenye mabaki ya meli za vita. Ndiyo maana ni ngumu. Chuma kimezoea kuzuia watu, utakiambia leo kifunguke?

— Vita wapi! Chuma kina kumbukumbu, akasema Waya. — Mkono wa kwanza kukishika ndio kinaoutii mpaka mwisho. Mama nyumbani anahitaji koki ambayo haijaguswa na mtu.

— Na wewe si umeigusa?

— Mimi nimeigusa kitaalamu.

Tulicheka, mimi nusura nijichome sindano. Breki naye alicheka. Tulikuwa hatujamsikia mwanamke aliyesimama nyuma yetu. Alikuwa mtu mzima, na vumbi la safari bado liko kwenye viatu vyake.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, karibu.

Breki aliinuka upesi. Mgeni alikuwa dada mkubwa wa mkewe, ameingia kwa basi la asubuhi.

— Shemeji! Umefika nyumbani?

— Nimetoka huko sasa hivi. Nimeambiwa unatafuta koki. Ndiyo hii?

— Ndiyo, ila wataalamu hapa wanasema mpini wake una walakini.

Shemeji aliitazama koki, akatutazama na sisi mmoja mmoja.

— Mdogo wangu ameishika?

Waya akaanza kusema habari ya sumaku, akaishia njiani. Kinyozi akasema "Wahenga walinena," na wahenga hawakumpa kitu. Breki alijaribu kuirudisha koki kwenye boksi, ikawa haiingii.

— Shemeji, hapa zimekataliwa nyingi. Nyingine kwa uzi, nyingine kwa rangi. Zote kosa ni la koki. Sasa nikimpelekea hii, akaishika, ikamshinda, kosa nitasema ni la nani?

— Lakini anangoja. Kaniambia kila jioni anakuuliza.

— Ananiuliza. Namwambia kesho. Akisikia kesho, analala.

Shemeji akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akaichukua koki, akaiingiza yeye mwenyewe kwenye boksi, akampa.

— Twende. Kama itamshinda, imshinde na wewe upo.

Breki alimfuata. Alitembea polepole, boksi kalikumbatia kwa mikono miwili. Kahawa yangu niliimwaga chini. Nilimwomba Mungu koki ile iwe laini.