Thadei Malambo na Ubao Uliovutwa na Mawifi

Tarehe 30 Juni 1979, Mzee Thadei Malambo anatuaga baada ya kuitumikia karakana ya useremala hapa Mpanda kwa miaka ishirini na mitano. Alikuja kutoka Mpimbwe akiwa kijana mwenye nywele nyingi, kama wazee wenzake wanavyoshuhudia. Nywele zimekwenda zake, ubishi umebaki.

Kwa wasiomfahamu kazini: ukimwomba akufungie ubao ukutani, kwanza haugusi ubao wenyewe. Anagonga ukuta kwa kidole, anaukwaruza, anauliza ulijengwa lini na udongo wake ulichimbwa wapi. Kwenye fremu ya mninga anatumia skrubu. Ukuta wa saruji anautoboa, anapachika kigingi cha mbao kavu, kisha skrubu inauma humo. Msumari anauheshimu, lakini anasema ni wa paa na majeneza, vitu ambavyo hakuna anayetaka kuvifungua kila asubuhi.

Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata mwaka 1974, mvua ya mawe ilipovunja vioo vyote vya dirisha la chumba cha kujifungulia katika zahanati moja, njia ya Kakese. Vioo vipya havikupatikana popote. Mkunga wa pale, Mama Marsela, alikuwa ametumia miaka kuwabembeleza kina mama waache kuzalia nyumbani, na sasa maji yalikuwa yakiingia hadi kitandani. Alituambia wazi kwamba chumba kisipozibwa kitafungwa, na mama mwenye uchungu hawezi kufika mjini kwa matope yale.

Thadei akachonga vigingi vya mninga mkavu, akaviweka karibu na jiko la karakana vizidi kukauka. Sote tunaijua desturi yetu: kipande chochote cha mbao kilicho karibu na jiko ni mali ya mpishi wa zamu. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Sixte, fundi wetu wa rangi. Maharage yaliiva vizuri sana. Thadei aliporudi alikuta majivu, na gari la kwenda zahanati limeshawashwa. Njiani akakata tawi bichi, akachonga vigingi vingine, akafunga plaiwudi kwa skrubu na kurudi kifua mbele.

Mvua zote ubao ulishika, na kina mama wakaja. Kiangazi kilipoingia, vigingi vibichi vilikauka, vikasinyaa. Mchana mmoja ubao ukaanguka puu kando ya kitanda alicholala Minza, mke wa mfugaji Manyanda, pamoja na mtoto wake mchanga. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Lakini habari zilienea mpaka Ilembo kwamba chumba kile kinatupa madirisha, na vitanda vikabaki vitupu. Mama Marsela alilia mbele yetu.

Thadei angeweza kumtaja Sixte. Hakumtaja. Alimwambia mkunga kwamba mti mbichi aliuchagua yeye mwenyewe, kisha akaenda kwenye mabaki ya mgodi wa zamani uliofungwa kutafuta bolti ndefu. Ukuta ule wa tofali za udongo akautoboa kwa keke ya mkono, ile drili ya kuzungusha, kutoka ndani hadi nje. Nje aliweka vibati vipana ili vichwa vya bolti visizame kwenye tofali, na ndani akaweka nati zenye masikio, zile zinazofunguka kwa vidole. Mvua ikija ubao unapanda. Kukitulia unashushwa, mwanga unaingia.

Kina mama hawakumwamini. Basi akashika ukingo wa juu wa ubao mbele yao, akaning'inia mzima mzima, miguu ikielea. Minza bado hakuridhika. Aliwaita mawifi zake, wakavuta kwa nguvu zao zote mpaka mmoja akaanguka kwa makalio, na ubao haukutikisika. Ndipo akasema, "Haya, nyie mafundi, sasa imeshika kweli. Tutakuja." Walikuja, na Minza mwenyewe amejifungulia humo mara mbili tangu siku hiyo. Karakana nayo ilijifunza: vigingi sasa vinakaushwa kabatini, na Sixte anapikia mkaa.

Mwezi huu vioo vimefika hatimaye. Ubao ule umeshushwa, na Mama Marsela ametuletea pamoja na bolti zake zote. Tunajua pa kuvipeleka. Nyumbani kwa Mzee Thadei, Nsemulwa, dirisha la chumbani limezibwa kwa plaiwudi iliyopigiliwa misumari, ndiyo, misumari, na mkewe, Mama Hilaria, huwasha kibatari mchana kutafuta kanga. Kwa miaka yote fundi wetu amekuwa akimwahidi kwamba atalishughulikia akistaafu.

Mzee Thadei, tunakushukuru kwa kazi, kwa utani, na kwa lawama uliyoibeba peke yako. Tutakukumbuka sana. Tunakuombea afya, usingizi mwema na chumba chenye mwanga. Jumapili baada ya misa tutafika kwako na keke ya mkono pamoja na nyundo ya kung'olea misumari. Wewe kaa kitini tu. Nati atazikaza Sixte, ameomba mwenyewe. Na tafadhali chakula kisipakuliwe mapema, kwani Minza ameagiza tumsubiri: atakuja na mawifi zake kuuvuta ubao.