Majibu Aliyopewa Fundi Sefania Shemhilu (1966–2025)

Marehemu Sefania Anord Shemhilu alizaliwa Vuga tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu wa Mzee Anord na Mama Raheli, ambao wote wametangulia.

Alisoma shule ya msingi Vuga na kumaliza darasa la saba mwaka 1980. Kwa miaka yote saba alikaa dawati moja na rafiki yule yule. Rafiki huyo aliendelea na masomo hadi akawa tabibu. Marehemu alikwenda Lushoto mjini kujifunza useremala.

Mwaka 1987 alihamia Shume. Alipima na kupasua mbao za watu kwa miaka tisa, kisha akafungua karakana yake. Penseli yake ilikaa nyuma ya sikio la kushoto tangu asubuhi mpaka anapokwenda kulala.

Alifunga ndoa na Klara tarehe 6 Oktoba 1990, na rafiki yake tabibu ndiye aliyemsimamia. Siku hiyo aliingia kanisani na penseli sikioni. Mama mkwe akamnong'oneza, "Baba, umekuja kuoa au kupima mlango?" Akajibu, "Mama, mkono umeiweka wenyewe." Msimamizi aliichomoa, akaitia mfukoni mwake, na kanisa zima likacheka.

Mwaka 2021, mama yetu Klara akimnyoa, aliona doa jeusi nyuma ya sikio hilo. "Baba Scola, hebu kanawe hiyo penseli." Alinawa kwa sabuni, halikutoka. Nyumbani tulifanya utani kwamba penseli imeota mizizi. Doa lilipanuka mpaka ukingoni mwa sikio, likawa linatoa damu penseli ikiligusa. Marehemu alihamishia penseli sikio la kulia, akaendelea na kazi.

Juni 2022 alikwenda kwa rafiki yake. Alikatwa kinyama kwenye lile doa, kikatiwa kwenye chupa mbele ya macho yake, akaambiwa kitapelekwa hospitali kubwa kupimwa. Baada ya wiki tatu rafiki alipita karakanani. "Mgosi, majibu yamekuja. Ni kinundu tu. Piga kazi." Siku hiyo marehemu alirudi nyumbani na kilo mbili za nyama.

Februari 2024 ulitokea uvimbe shingoni. Daktari wa hospitali aliomba yale majibu ya kwanza. Marehemu alimpigia rafiki yake simu pale pale, mbele ya daktari. Rafiki akasema, "Sikukipeleka. Gari la kupeleka vipimo lilinipita, kikakauka kwenye chupa. Nikaona aibu kukwambia."

Ilikuwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma, nayo ilikuwa imefika kwenye tezi za shingo na mapafu. Alikatwa sehemu kubwa ya sikio, akatibiwa Dar es Salaam kwa miezi saba. Wauguzi wote waliomhudumia tunawashukuru.

Rafiki alikuja nyumbani mara tatu. Mara mbili marehemu aligeukia ukutani. Mara ya tatu alimkaribisha kiti, akamuuliza jambo moja: "Miezi yote ile ukinipita karakanani, ukanisalimia, ulikuwa unaniona vipi?" Chai iliyowekwa mbele ya rafiki ilipoa.

Baadhi ya ndugu waliomba wasifu huu useme tu kwamba aliugua kwa muda mrefu. Marehemu mwenyewe alikataa. Alimwambia binti yake Scola, "Andika ilivyokuwa. Jina lake usiandike. Ugonjwa sikuujua, siwezi kuulaumu. Yeye nilimjua." Alipoulizwa kama amemsamehe, alisema alikuwa akianza kila asubuhi, na hakuwahi kufika mwisho.

Alifariki nyumbani Shume, Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka 59.

Wiki moja kabla, binti yake alimsomea orodha ya wafiwa ili aihakiki. Alimuuliza kama rafiki huyo awemo. Marehemu akasema, "Mweke. Wa mwisho."

Ameacha mjane, Klara, watoto wawili, Scholastica na Amosi, wajukuu watatu, dada zake wawili, na rafiki mmoja.

Mungu ampe pumziko la amani, penye kweli.