Shangazi na Konokono Waliorudi

Tarehe 30 mwezi huu Shangazi, kama tunavyomwita wote hapa kazini, anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhesabu chaza katika kituo chetu cha utafiti wa pwani. Hiyo thelathini na mmoja ni ya faili la ofisi. Mwenyewe anasema ni thelathini na miwili, kwa kuwa alianza kuhesabu kabla barua ya ajira haijafika. Nimeagizwa niandike wasifu mfupi wenye mpangilio. Nimejaribu mara tatu na kila mara nimepotea njiani, kwa hiyo mnivumilie.

Kazi yenyewe ilionekana rahisi. Kwenye mwamba ulio nyuma ya maabara kuna miraba miwili iliyochorwa kwa rangi nyeupe. Kila mwezi maji yalipokupwa, Shangazi alishuka na viatu vyake vya mpira, akahesabu chaza wa pande zote mbili, kisha akawatoa konokono wa mraba wa kushoto. Konokono hao hutoboa gamba la chaza na kumla humohumo ndani. Wataalamu walitaka kujua chaza wataongezeka kiasi gani wakiondolewa adui.

Hawakuongezeka. Kwa miaka tisa miraba yote miwili ilitoa hesabu zilezile. Mtaalamu mmoja alilaumu mvua, mwingine akalaumu mhesabuji, na hilo lilimkera Shangazi kwelikweli. Alichukua rangi ya kucha ya binti yake, akawapaka konokono arobaini mgongoni, akawaweka hatua ishirini kutoka pale, kama alivyoelekezwa siku zote. Mwezi uliofuata, thelathini na watatu walikuwa wamesharudi mezani, wekundu vilevile. Yaani tulikuwa tunahamisha konokono walewale miaka yote tisa! Mkuu wa kituo wa wakati ule hakula chakula cha mchana siku hiyo.

Tangu hapo walipelekwa ng'ambo ya mkondo kwa mashua. Chaza wakafurika, nasi tukashangilia. Lakini samaki wadogo wakaadimika, na ndege waliozoea kudonoa pale mwambani wakahamia kwingine. Chaza wamejaa tele, wageni wamekimbia. Mimi sikuelewa kitu. Wataalamu nao hawakuelewa, ila wao walitumia maneno marefu.

Mwaka huu mkuu mpya alichoka na mkanganyiko huo. Aliandika barua kwamba mradi ufungwe na madaftari sitini na mawili yaondolewe stoo. Shangazi aliisoma akiwa amesimama, kisha akaniuliza kama amefanya kazi ya bure maisha yake yote. Swali hilo bado linaniuma.

Wakaguzi walipokuja kukamilisha ufungaji, mmoja wao, mama mwenye miwani, alifungua daftari na kuuliza vile vijimstari vya penseli pembeni ni vya nini. Shangazi alijibu kwa aibu kwamba ni kaa wadogo. Hakuna aliyemwagiza kuwahesabu. Aliwapenda tu, tangu mwaka wa kwanza. Kaa hao huishi ndani ya magamba matupu ya chaza walioliwa na konokono. Konokono walipoondolewa, magamba matupu yalikwisha, kaa wakakosa nyumba, samaki na ndege wakakosa kaa. Mama yule alirudia kusoma pembeni mwa kurasa mpaka chai yake ikapoa.

Barua imefutwa na hesabu inaendelea. Shangazi alilia sana, hata mumewe, fundi cherehani, alipokuja kumchukua alidhani amefukuzwa kazi wiki tatu kabla ya kustaafu. Ilipoulizwa nani atahesabu baada yake, wote tulitazama viatu vyetu. Kisha nikajikuta nimenyoosha mkono, hata sijui kwa nini.

Shangazi, asante kwa yote, na zaidi kwa yale ambayo hatukukuagiza. Kapumzike na watu wako, afya isikupungukie, siku zako ziwe njema. Ila Jumatatu nashuka mwambani peke yangu, na naogopa, maana kuna kitu pale ambacho hakuna atakayeniambia nikitazame. Maji yakipwa, tafadhali usizime simu.