Liao Pi-yun, Aliyehesabiwa Pande Mbili

Kwenu nyote mliokuja na mvua hii, familia imemkabidhi karatasi hii mdogo wake marehemu, Liao Wen-tung, muuza tambi za bata wa Beidou, aliyeishia darasa la tisa lakini ana sauti isiyohitaji kipaza sauti, na atakayosoma ama aliyaona kwa macho yake, ama aliambiwa na dada yake mwenyewe.

Marehemu Liao Pi-yun alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 Beidou, wilaya ya Changhua, mtoto wa kwanza wa mkulima wa maua, akaanza shule ya msingi Septemba 1973, akahitimu uuguzi Taichung Juni 1987 akiwa wa pili darasani, na huyo wa kwanza, Wen-tung anashikilia hadi leo, alikuwa anachungulia. Mwaka huohuo aliajiriwa katika hospitali ambayo familia imeombwa isiitaje, na haitaitaja, ingawa shada lake ndilo kubwa kuliko yote hapa mbele.

Tarehe 6 Novemba 1993 alifunga ndoa na Hsieh Kuo-liang, fundi wa pampu za umwagiliaji, wakajaliwa binti mmoja, Pei-jung, aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 1996.

Mwaka 2008 alifanywa mkuu wa wodi ya ghorofa ya tano, na sheria ilipokuja kuweka kikomo cha wagonjwa kumi na wawili kwa muuguzi mmoja, alifurahi kama mtu aliyejengewa nyumba, lakini ofisi haikuajiri mtu, ilimwandika yeye ubaoni kuwa muuguzi wa tatu wa zamu, hata siku anazoshinda vikaoni, na kila mwezi akatia sahihi. Tarehe 11 Juni 2021 mzee mmoja alianguka chooni akafariki, ubao ukisema wauguzi ni watatu, na wa tatu alikuwa kwenye kikao, jambo ambalo kwa karibu miaka miwili hakumwambia mtu.

Tarehe 9 Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na tarehe 3 Mei akalazwa katika wodi yake mwenyewe, kitanda namba saba, mgonjwa wa thelathini na sita. Asubuhi yake aliuona ubao una majina matatu, akamuuliza muuguzi Kao Yueh-e, “Huyo wa tatu nani, mbona simwoni?” Kao akainama, “Ni wewe, Mkuu. Wakaguzi wanakuja, ofisi imesema usifutwe.” Marehemu akacheka mpaka akashika tumbo, akasema, “Basi leo nimekamatwa nimelala kazini.”

Kisha akashuka kitandani, akaburuta chuma cha dripu hadi ubaoni, akajifuta kwa kiganja. Bwana wa ofisi akaja mbio, “Mkuu, ukijitoa tumevunja kikomo, itabidi tufunge vitanda kumi na viwili.” Akajibiwa, “Vifungeni. Anzeni na changu.” Mumewe alimsihi abaki, kwa sababu dawa ya maumivu ilikuwa pale, naye akamwambia, “Kuo-liang, nikibaki mimi, atatolewa mwingine kwa ajili yangu.”

Wagonjwa kumi na mmoja walihamishiwa kwingine, baadhi ya ndugu zao wakimtukana marehemu ukumbini. Wen-tung alimbeba kwa pikapu yake, kilomita ishirini na mbili bila kuligonga shimo hata moja, hakuna dereva mwingine Changhua awezaye, na humo garini ndimo alimosimuliwa habari za yule mzee, marehemu akimalizia, “Tung, sahihi ilikuwa yangu.” Nyumbani maumivu yalikuwa makali, hatutawadanganya, akafariki tarehe 19 Mei 2023, saa moja na nusu asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, Pei-jung amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari, majirani walioleta uji na kufunga turubai, na wauguzi waliokuja kumchoma sindano baada ya zamu zao bila kuombwa. Shukrani za pekee ni kwa Kao Yueh-e, ambaye hamtamwona hapa, maana alitaka kuomba ruhusa aje, Kuo-liang akamkataza, na saa hii yuko ghorofa ya tano na wagonjwa wake kumi na wawili.

Dada, lala. Zamu imepata mtu.