Filamu Arobaini Bila Kukaa Kitini

Benchi letu la Husby, pembezoni mwa Stockholm, liko kati ya maktaba na mlango wa treni ya chini ya ardhi. Mwezi wa tano jua hulifikia saa tano asubuhi, nasi hulifikia muda huohuo. Tuko watano. Okech wa Kisumu tunamwita Bibisii, maana habari humfikia kabla hazijatokea. Évode wa Ngozi, Burundi, huendesha basi la abiria, na jina la Breki alipewa na watu waliowahi kusimama ndani ya basi lake. Désiré alisoma sheria Lubumbashi miaka miwili kabla ya vita kumtoa darasani. Leo anasafisha vituo vya treni, lakini kwetu bado ni Avoka, wakili wetu. Dorothée wa Bukavu, Mama Arielle, ndiye mwenye thamosi ya kahawa ya tangawizi. Zamu yake imekatwa vipande viwili, asubuhi na jioni, huko Vällingby anakowahudumia wazee majumbani mwao, na katikati ya vipande hivyo hukaa nasi. Wa tano ni mimi, ambaye zaidi husikiliza. Alhamisi hiyo, mwaka 2011, Évode alikuja na gazeti la bure la mtaa akalitandaza juu ya magoti yetu.

— Huu mkono ni wa nani? aliuliza.

Pichani alikuwapo bibi mweusi mwenye nywele nyeupe kabisa, amekaa karibu na dirisha, kichwa juu. Upande wa kushoto uliingia mkono wa mtu mwingine, umekatwa na ukingo wa picha kwenye kiwiko, unamfunga kifungo cha shingoni.

— Huo naujua, alisema Okech. Huo ndio unaonimiminia kahawa.

Dorothée alitazama upande wa maktaba.

— Siwezi kusema.

— Hakuna aliyekuuliza swali gumu, Mama Arielle. Tumeuliza mkono tu.

— Siri ya kazi. Nilitia sahihi.

— Lakini yeye mwenyewe amekutaja! Évode alisema, akaanza kututafsiria Kiswidi, kidole kikifuata mistari. "Anayenisaidia kila asubuhi ni Dorothée kutoka Bukavu. Nimefanya kazi na waongozaji wa filamu wengi. Hakuna aliyekuwa na subira ya mikono yake."

Désiré alisimama.

— Rudia.

— Wapi?

— Pale penye Bukavu.

Évode alirudia. Désiré akamwomba tena, safari hii polepole. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alipunguza mwendo, akidhani pengine tunasoma tangazo la msiba.

— Bukavu katika gazeti la Stockholm, alisema Désiré, na bila risasi hata moja ndani ya habari. Ma sœur, dada yangu, nakupa mkono.

Alimpa mkono kweli, na Dorothée akaupokea huku akijaribu kutocheka.

Évode aliendelea. Bibi huyo aliitwa Odessa Pruitt, miaka themanini na nne, mwigizaji wa filamu. Alizaliwa Georgia, Amerika, katika mji wa viwanda vya pamba, mama yake mfua nguo. Akiwa na miaka kumi na tisa alipanda basi hadi Los Angeles. Aliigiza katika filamu arobaini za Kiamerika, na katika zote arobaini alikuwa mtumishi: alifungua mlango, alileta trei, alipokea makoti. Maneno mengi zaidi aliyowahi kupewa katika filamu moja yalikuwa kumi na moja. Mwaka 1964 alikuja Stockholm na kundi la maigizo, na mwongozaji mmoja wa hapa akampa nafasi ya mwanamke mwenye nyumba ya wageni. Hiyo ndiyo ikawa filamu ya arobaini na moja, na ndani yake, gazeti lilisema, Odessa Pruitt alikaa kitini mbele ya kamera kwa mara ya kwanza. Baadaye aliolewa na fundi wa taa wa filamu hiyo. Hakurudi Amerika.

— Filamu arobaini amesimama tu, alisema Évode. Na mimi nalalamikia mgongo kwa kukaa.

— Jumamosi hii filamu hiyo itaonyeshwa Vällingby saa kumi na moja jioni, niliongeza, maana mistari ya mwisho ilikuwa imeangukia goti langu. Naye atapanda jukwaani.

Hapo Dorothée aliweka kikombe chini.

— La kwake siwezi kusema. La kwangu naweza. Ameniomba nipande naye, nimshike mkono.

Kelele zilizofuata ziliwaondoa njiwa wote. Okech alikuwa tayari anatafuta simu awaarifu watu wa Kisumu.

— Ngojeni, alisema Dorothée. Bosi wangu amenipa njia mbili. Ya kwanza, nifanye zamu Jumamosi yote mpaka usiku. Niende kikazi, na sare ya buluu, na kitambulisho kifuani. Ya pili, nichukue mapumziko siku nzima, nivae ninachotaka, niwe mgeni kama wageni wengine. Mama Odessa anataka ya pili. Ameniambia njoo na nguo yako. Bosi anataka jibu kabla ya saa nane leo.

— Na wewe unataka ipi?

— Mimi nataka kujua watu mia tatu wakiniangalia pale juu wataona nini.

Saa ya simu yangu ilionyesha saa saba kasoro dakika kumi.

— Kitenge, alisema Okech. Hakuna mjadala. Mtu amebeba trei filamu arobaini, halafu wewe unapanda na kitambulisho kifuani? Watu watasema, aah, hausigeli naye amepata hausigeli wake.

Dorothée aliinamia thamosi yake, akakaza kifuniko. Nadhani neno hilo lilimfika mahali alipokuwa tayari amepagusa mwenyewe.

— Bibisii, chunga mdomo, alisema Désiré. Sare ina aibu gani? Gazeti limesifu nini? Limesifu kikwembe? Limesifu kazi! Mimi nikipanda jukwaani Jumamosi, nitapanda na fulana yangu ya kusafishia, ile yenye mistari inayong'aa. Wanione mpaka wale wa nyuma.

— Wewe hakuna aliyekuita jukwaani, alisema Okech.

— Nasema nikiitwa!

— Mimi naogopa kitu kimoja, alisema Évode. Mama Arielle bado ni wa muda. Mkataba wa kudumu haujaja. Bosi akipendekeza sare, mtu mwenye akili anauliza saizi tu.

— Bosi hajapendekeza, alisema Dorothée. Ameniachia mimi.

— Huo ndio mtihani wenyewe.

Okech alikuwa ameinamia picha, macho ameyabana.

— Tunakosea. Huwezi kuchagua nguo kabla hujajua unapanda na nani. Huyu mama ni nani hasa? Odessa ni jina la mji! Mji wa bandari, Bahari Nyeusi, zamani ulikuwa chini ya Warusi. Mwamerika gani anamwita mtoto hivyo?

— Bana, huko kwenu kuna mtoto anaitwa Kampala, alisema Désiré.

— Sikiliza kwanza. Nani humtazama hausigeli? Anaingia na trei, anasikia kila kitu, anatoka. Filamu arobaini za mazoezi! Halafu mwaka 1964, vita baridi imepamba moto, anakuja nchi isiyofungamana na upande wowote. Kwa bahati?

— Mama Arielle, ni jasusi? aliuliza Évode.

— Siwezi kusema.

— Umeona? Hajakataa!

— Hata ukiniuliza kama anakula samaki siwezi kusema, alisema Dorothée, na sasa alicheka waziwazi.

— Mana yanje, Mungu wangu, Okech, wewe hujui kusoma picha, alisema Évode. Tazama hiyo shingo. Shingo ya namna hiyo haikuanzia Georgia. Bibi yake mkuu alitoka kwetu, milimani, kwenye ukoo wa wapiga ngoma wa mfalme. Mtu aliyezaliwa kubeba ngoma kichwani hawezi kuinama, hata akipewa trei. Ndiyo maana walimnyima maneno. Wangempa maneno pamoja na shingo ile, nani angemtazama staa?

— Kila aliyenyoosha shingo duniani ni wenu, alisema Désiré.

— Si wote. Wengi.

— Ukweli niulizeni mimi. Huyu mama ni mkimbizi. Mkimbizi wa kwanza kutoka Amerika! Alifika hapa akaenda kwenye dirisha la wahamiaji, akasema, naomba hifadhi. Wakamwuliza, unakimbia nini? Akasema, nakimbia milango. Wakamwuliza, utathibitishaje kwamba umetoka Amerika? Akaonyesha filamu. Wakasema, humu hatukuoni, tunaona mlango tu na mkono. Wakamwambia angoje barua.

— Aliingoja muda gani?

— Miaka mitatu na miezi minne.

Sote tulijua hiyo ilikuwa miaka yake Désiré mwenyewe, na hakuna aliyemkosoa. Nimekaa kwenye benchi hili muda wa kutosha kuona kwamba mtu akimtungia mwenzake maisha, huchota kwenye pipa lake. Sidhani huo ni uongo. Pengine ndiyo njia pekee tuliyo nayo ya kumkaribisha mtu ambaye hatujawahi kumpikia.

— Na mume? aliuliza Okech, ambaye hakuwa tayari kushindwa. Fundi wa taa! Mwaka 1981 manowari ya Warusi ilikwama kwenye miamba, kule kusini. Nani aliimulikia njia?

— Kama alimulika, basi alimulika vibaya, alisema Évode. Ilikwama!

— Alikuwa na mawazo. Mke wake alikuwa ameanza kuposwa na mtoto wa mfalme.

— Mfalme yupi tena?

— Siwezi kusema, alisema Okech, akamtazama Dorothée, na benchi zima likacheka mpaka kahawa ikamwagika juu ya ukurasa wa michezo.

Katikati ya kicheko hicho alifika mwanamke aliyeshika fomu za maktaba. Aliitwa Elieshi, wa Moshi, alikuwa amehamia mtaa wa jirani, Akalla, wiki mbili zilizopita, na alikuwa amesikia Kiswahili chetu tangu mlangoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, karibu, karibu ukae.

Dorothée alimmiminia kahawa kwenye kifuniko cha thamosi. Okech alimweleza habari nzima kwa dakika mbili: bibi wa filamu, jukwaa la Jumamosi, sare au kitenge, na jibu linalotakiwa saa nane. Manowari aliigusia kidogo tu. Elieshi alisikiliza akipuliza kahawa yake.

— Hongera sana, dada, alimwambia Dorothée. Kwetu wangekuchezea ngoma. Ila mimi mgeni, samahani kama nauliza la kijinga. Siku hiyo, huyo bibi, nani atamvisha?

Okech alifungua mdomo.

— Atamvisha... si kuna watu? Kuvaa ni kuvaa.

— Bosi atatuma mtu, alisema Évode, lakini sauti yake ilishuka njiani.

Désiré alimtazama Dorothée. Sote tulimtazama.

— Si kuvaa tu, alisema Dorothée. Kuna mkono wa kuanza kuingiza kwenye nguo. Kuna...

Hakusema siwezi kusema, na safari hii hakuna aliyengoja kuambiwa.

— Nikichukua siku nzima, aliendelea baadaye, atakuja mtu wa muda ambaye hajawahi kumwona. Ana dakika ishirini na tano, na mzee mwingine anamngoja ghorofa ya juu. Gauni la siku hiyo amelichagua tangu Pasaka. Hili naweza kulisema, ameliambia jengo zima. Na mimi saa hiyo nitakuwa nyumbani Husby mbele ya kioo, najifunga kilemba.

— Basi sare, alisema Désiré kwa upole. Nilisema mimi.

— Hapana, Avoka. Hajaniomba nipande na sare. Ameniomba nipande mimi.

— Sasa?

Dorothée alitoa simu. Ilikuwa saa nane kasoro robo. Alisimama, akaliweka sawa koti lake kana kwamba bosi angemwona, akaanza kuongea Kiswidi chake cha kazini, kisicho na haraka, ambacho Arielle, binti yake, humcheka nacho nyumbani. Tuliinama kumwelekea kama watu wanaosikiliza matokeo ya mpira redioni.

— Ndiyo, mimi Dorothée. Kuhusu Jumamosi. Naomba uniandike zamu, kuanzia saa nane mchana. Ndiyo, kwa Odessa. Kumwogesha, chakula, kumvisha. Nitavaa sare.

Okech alijishika kichwa. Évode alimkanyaga mguu.

— Hapana, si mpaka usiku. Zamu iishe saa kumi kamili. Baada ya hapo usiniandike popote. Nguo zangu nitakuja nazo mfukoni, nitabadilishia kwake, ameshaniambia kabati liko wazi. Mtu wa usiku ndiye ataendelea tukimrudisha.

Bosi aliongea muda mrefu kidogo. Hatukusikia maneno, sauti tu, nyembamba, yenye maswali. Dorothée aliitikia kwa kichwa mara mbili, akangoja amalize.

— Naelewa, alisema. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi mimi ni mfanyakazi wenu. Saa kumi na dakika moja mimi ni mgeni wake.