Venance Nampunju: Kati ya Kutenga na Kujitenga

Tangu Alhamisi, saa ya taarifa ya habari inafika nyumbani Chanika na redio haiwashwi. Aliyekuwa akibishana nayo hayupo.

Venance Leonardi Nampunju alizaliwa Newala tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa mchonga vinyago Mzee Leonardi. Alisoma Newala na Mtwara, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 1984 katika siasa na utawala.

Alifanya kazi ya ukalimani katika mazungumzo ya amani. Mwaka 2009 alikuwa katika nchi jirani, ambako jimbo moja lilikuwa linapigania kujiamulia mambo yake. Mama mmoja wa jimbo hilo alisimama akasema, “Sie tunataka tutenge wenyewe.” Wajumbe wa serikali wakainuka. “Si mmesikia? Wanajitenga!”

“Kaeni, wakubwa,” Venance aliwaambia. “Mama kasema kutenga, kama kutenga chakula. Chungu kimoja, ila upawa ashike mwenyewe.”

“Eeh! Mlidhani nimekuja na panga?” mama akadakia. “Mie nimechoka kuletewa ukoko.”

Walicheka, wakakaa. Mkataba ulisainiwa. Baadaye ukavunjwa, ukasainiwa tena, na vita vikarudi. Venance hakuwahi kuisimulia habari hiyo kama ushindi. “Waliwapa bunge,” alikuwa akisema, “upawa wakabaki nao.”

Alifunga ndoa na Anna mwaka 1986, wakajaliwa Brightson na Adelina. Anna alifariki mwaka 2001. Mwaka 2004 alimuoa Marietha, wakampata Sebastian. Wote aliwajengea katika kiwanja kimoja Chanika: kila upande mlango wake, jiko lake na luku yake, kisima, njia na baraza vya wote. Alitaka jambo moja tu, kiwanja kile kisikatwe.

Mwaka 2019 Brightson alishusha matofali ya ukuta wa kukigawa kiwanja.

“Baba, tugawane tu. Kila mtu na hati yake.”

“Nani anakuingilia jikoni kwako?”

“Hakuna. Ila kisima je, tukigombana?”

“Mtakaa barazani mpaka mkubaliane.”

“Mzee, hapa si Umoja wa Mataifa!”

“Afadhali,” alijibu. “Wale hawachoti maji pamoja.”

Ukuta ulifika magotini ukasimama. Hakuna aliyeuendeleza, hakuna aliyeubomoa. Venance aliuzunguka kila asubuhi, hata baada ya kisukari kumdhoofisha miguu. Mwaka jana figo zilishindwa, akawa mtu wa kusafishwa damu. Wodini alikuwa akiuliza, “Ukuta umefika wapi?” Kila aliyekuwa kando ya kitanda chake alimwambia ale kwanza. Alifariki Alhamisi tarehe 19 Juni 2025, alfajiri, bila kujibiwa.

Ameacha mjane, Marietha. Watoto watatu, Brightson, Adelina na Sebastian. Wajukuu wanne, na dada yake, Bibi Zubeda, aliyekuwa akimwita “Serikali” hata mbele za wageni.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko ambalo sisi hatukuweza kumpa.

Upande wa Anna ulitaka azikwe kwao, ndani ya kiwanja. Upande wa Marietha nao ulitaka alale kwao. Vikao viwili vya familia vilivunjika. Venance anazikwa leo katika makaburi ya mtaa, nje ya kiwanja chake.